Maoni yangu: mfumo wa kumwagilia bustani kwa maji ya mfereji, Uru (Moshi)

Niseme mapema kabisa, huu mfumo nimeupenda na ningelipa tena, ila sio kila kilichofungwa kilistahili hela yangu, afu kuna kitu fundi alitaka kukifanya kwenye bomba la nyumbani ambacho hata akikupunguzia bei usikubali, ntakieleza huko chini kwa kirefu maana ndo sababu kubwa ya kuandika haya.

Mfumo wenyewe uko hivi. Mfereji wa kijiji unaoleta maji ya mlimani (sio bomba) unapita nyuma ya kiwanja, pale fundi ameweka bomba la inchi mbili lenye wavu mdomoni na koki ya kufungia, maji yanashuka yenyewe bila umeme mpaka tanki la kwanza la lita 1,000 ambalo limezamishwa nusu ardhini. Hapo yanatulia. Yakijaa yanafurika kwa juu kwenda tanki la pili la lita 2,000, na kwenye hilo la pili ndo pampu ndogo ya nusu hosipawa inavuta, inapitisha kwenye chujio la diski, halafu bomba linagawanyika mara mbili, upande mmoja mpira wa kumwagilia ukoka, upande mwingine laini za dripu, yaani mipira yenye vitundu vya kudondosha maji taratibu, kwenye mboga na maua. Matanki, pampu, chujio, mabomba na ufundi vyote kwa pamoja vimenitoka kama milioni moja na laki kadhaa, na kilichokula hela zaidi ni matanki sio pampu kama nilivyodhani.

Mtu atauliza si ungetumia tu maji ya bomba ukamaliza. Sawa, tupige hesabu kidogo. Kiangazi nyasi zinataka kama milimita 25 za maji kwa wiki ili zisikauke, na milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili, kwaiyo kipande cha ukoka cha mita kumi kwa kumi kinakunywa lita 2,500 kwa wiki, yaani madumu 125 ya lita ishirini, na hapo hujagusa mboga wala migomba. Kwa mwezi ni yuniti kumi hivi za dira (yuniti moja ni lita 1,000) zinazoenda kwenye majani ya kukanyaga tu. Na pale ambapo bei ya maji inapanda kadri unavyotumia zaidi, hizo yuniti za nyasi ndo zinakusogeza kwenye bei ya juu. Bili ni upande mmoja, ila kinachoniuma mimi zaidi ni kwamba maji ya bomba yameshachujwa, yamewekwa dawa, yamepimwa, watu wamefanya kazi ili mtoto ayanywe asiumwe tumbo, na Januari na Februari jua likiwa kali kuna mitaa maji yanatoka usiku tu watu wanaamka kukinga, sasa mi nimwage lita elfu mbili na nusu chini wakati nyuma ya nyumba mfereji unapita mchana na usiku? Hapana kwa kweli.

Kuna wanaosema eti klorini ya bomba inaua nyasi. Hamna kitu kama hicho kwa kiwango kinachobaki kwenye maji ya nyumbani, ni kidogo mno na udongo unakimaliza chapchap. Nyasi zinastawi vizuri tu na maji ya bomba. Sababu ya kuyaacha ni kwamba yana kazi nyingine, basi.

Sasa mfereji. Kwa wageni wa huku, hii mifereji wengi tunaiita mfongo, wazee wa Kichaga waliichimba vizazi vingi nyuma wakiyatoa maji kwenye makorongo na chemchemi huko juu wakayazungusha kwenye migongo ya milima mpaka kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya migomba, bila mashine yoyote, kwa macho na jembe. Mpaka leo una kamati, una zamu na una siku ya kusafisha ambayo usipotokea na jembe lako unatozwa faini, na ni haki kabisa. Kwaiyo kabla hata fundi hajashusha bomba lolote mi nilienda kwanza kwa mzee wa mfereji, nikamwambia mzee shikamoo, nataka kuweka tanki, na kuna nyasi ndani yake sio migomba na mboga tu. Akanielekeza vizuri: nijaze zamu yangu tu, usiku, na kipindi maji yakipungua nyasi ndo za kwanza kukatwa, migomba na mboga za watu kwanza. Nimekubali na nadhani ndo utaratibu sahihi, mana ukoka ukikauka mvua ikija unarudi wenyewe, lakini mchicha wa mama wa jirani anayetegemea kuuza soko la Mbuyuni ukikauka umekauka. Naomba sana mnaohamia huku na kujenga nyumba nzuri zenye nyasi kubwa mbele, msifungue mfereji kimyakimya usiku bila zamu. Chini yako kuna mtu anasubiri, na chini ya huyo kuna mwingine, haya maji ya mlimani yanaendelea kushuka mpaka bwawa la Nyumba ya Mungu na Mto Pangani.

Na kisheria pia maji sio ya mwenye kiwanja. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 inayaweka kuwa mali ya umma, kuchepusha mto au kijito unatakiwa uwe na kibali, huku kwetu wahusika ni Bonde la Pangani na ofisi yao iko hapahapa Moshi. Pia ile sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mto, ziwa au bwawa. Kwaiyo ukiwa kwenye mfereji wa kijiji uliza kamati yako ina kibali gani, usije ukaweka pampu yako mtoni ukadhani ni jambo dogo.

Kitu bora kuliko vyote kwenye huu mfumo ni lile tanki la kwanza la kutuliza. Yaani ningeambiwa nibaki na kitu kimoja nitupe vingine ningebaki na hilo. Mvua ikinyesha huko juu mfereji unakuja mwekundu, ukichota kwenye ndoo nyeupe huoni kitako, ukiyaacha mpaka kesho yake asubuhi sehemu ya juu inakuwa imetakata na chini kuna tope. Kwenye tanki ni hivyohivyo ila kwa wingi zaidi. Fundi aliweka koki chini kabisa ya tanki ya kutolea uchafu, ukiifungua linatoka tope zito kama uji wa ulezi, jeusi kidogo, lina vijiti, vipande vya majani ya mgomba na mbegu. Hilo tope nalielekeza kwenye migomba na migomba inalipenda. Fikiria kama lote hilo lingepita kwenye pampu. Jirani yangu anavuta moja kwa moja kutoka mfereji kwa pampu ya petroli, kila baada ya muda anabadilisha sili na ile feni ya ndani imelika na mchanga.

Zile mbegu nazo sio jambo la kupuuza. Maji ya mfereji yanabeba mbegu za magugu ya shamba lote la juu yako, ukimwaga bila kuchuja ukoka wako unaanza kuota magugu hayo na vitu hujui hata vimetoka wapi. Tanki limepunguza sana ila halijamaliza, bado nang'oa.

Tuje kwenye dripu, na hapa ndo sijaridhika kabisa. Wauzaji wanaisifia dripu mpaka unadhani ukiifunga umemaliza. Kuokoa maji inaokoa kweli, nyanya na bilinganya zimependeza, majani hayalowani kwaiyo ugonjwa wa ukungu umepungua. Tatizo ni kwamba ile njia ya maji ndani ya kitundu ni nyembamba sana, kama milimita moja au chini ya hapo, na maji ya mfereji hata yakionekana masafi yana udongo laini na utelezi wa mwani. Fundi alikuja na chujio la wavu la bei rahisi lenye matundu makubwa, wiki haikuisha vitundu vya mwisho wa laini vikawa vimekauka. Nilikata laini moja kwa kiwembe kuangalia, ndani kumejaa utando wa kahawia unaoteleza ukiugusa, na kwenye kile kinjia cha kupindapinda udongo umeshikana kabisa. Tukabadilisha tukaweka la diski la mesh 120, yaani linazuia chochote kinachozidi maikroni kama 130, hapo ndo mambo yakatulia. Ila lazima ulifungue na kuliosha, kiangazi mara moja kwa wiki inatosha, masika karibu kila siku. Ukilifungua unakuta zile diski nyembamba za plastiki zimepangana, kati yake kuna utelezi, unazitawanya kwenye ndoo ya maji safi unazisugua kwa mswaki wa zamani unarudisha. Na miisho ya laini isifungwe kwa kuyeyusha plastiki kama alivyofanya fundi, iwe ya kukunja na kufungua ili uachie maji yasafishe laini nzima. Ukiwa mtu huna muda wa hayo mambo, acha dripu, chukua mpira wa kawaida na debe lenye matundu, bustani itapona tu.

Kwenye ukoka mi natumia mpira ukiwa chini na maji yanatoka taratibu, alfajiri kabla jua halijapanda. Zile springila za kurusha maji juu nilizikataa, maana maji hayajatibiwa na ukiyarusha hewani yanaenda na upepo kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye veranda, kwenye vyombo, na watoto wakiona springila hawaachi kuchezea na kufungua midomo.

Haya, sasa lile jambo la fundi. Siku ya kumalizia akaniambia ngoja nikuunganishie na bomba la idara ya maji, naweka koki moja hapa katikati, mfereji ukikauka unafungua koki maji ya bomba yanaingia kwenye mfumo, hutasumbuka. Akasema wateja wake wengi kawafanyia hivyo na hakuna aliyelalamika. Nikamkatalia pale pale. Sikiliza, maji ya bomba yanaenda mbele kwa sababu yana presha. Mgao ukianza au bomba likipasuka huko chini presha inapotea, bomba linaanza kuvuta, na kama limeungana na tanki lako la mfereji linavuta maji ya mfereji kuyarudisha kwenye bomba la nyumba yako na la mtaa mzima. Koki moja ni raba tu na chuma, ikilika kidogo au mtoto akiisahau wazi imeisha, na pampu yako ikiwa inafanya kazi muda huo ndo inasukuma kabisa. Maji yakirudi saa kumi usiku wanakunywa watu ambao hata hawajui una bustani. Taifodi, kuhara, amiba, minyoo, vyote hivyo vinapita njia hiyo.

Kama unataka akiba ya bomba ipo njia salama na ni rahisi: bomba lije lining'inie juu ya tanki, mdomo wake usiguse maji hata tanki likijaa pomoni, uwe juu ya usawa wa kufurika angalau mara mbili ya upana wa bomba. Hewa inabaki katikati, hakuna cha kuvutwa. Fundi alielewa nilipomchorea chini, akafanya, hata senti hakuongeza. Afu mabomba ya mfereji nikamwomba ayapake rangi tofauti na ile koki ya nje tukaondoa kishikio chake, anayemwagilia anakuja nacho, maana watoto wakitoka kucheza hawasomi kibao cha maji haya hayanywewi, wanafungua na kunywa.

Kuhusu mboga naomba tuelewane vizuri. Maji haya juu yetu kuna ng'ombe, kuna watu wanafua, kuna vyoo vya karibu na mfereji, na msimu wa kupulizia kahawa kuna wanaooshea bomba la dawa ya kopa (ya kuzuia ukungu) hapohapo. Kwaiyo mimi vinavyopikwa kama mnafu, mchicha, sukuma, bilinganya, vinapata mfereji kwa dripu chini kwenye udongo na sio juu ya majani, na siku kadhaa kabla ya kuvuna naacha, jua lenyewe linaua wadudu wengi. Vinavyoliwa vibichi, saladi, kotimiri, karoti, kitunguu majani, hapana, hivyo vina ndoo yao ya maji ya mvua. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 1989 wa kumwagilia kwa maji taka yaliyosafishwa liliweka kwa mboga za kuliwa mbichi bakteria wa kinyesi wasizidi 1,000 kwa mililita 100, na yai la mnyoo lisizidi moja kwa lita. Ila kwa nyasi za mahali kama hotelini ambapo watu wanakaa na kugusana nazo likapendekeza kali zaidi, 200. Hiyo ndo ilinifanya nibadilishe utaratibu, nyasi si za kula lakini mtoto anazigaragaria afu anashika andazi. Saivi nikimwagilia alfajiri, watoto hawakanyagi mpaka zikauke kabisa.

Na kichocho mkikumbuke hasa nyinyi wa tambarare huko chini, kwenye mifereji inayotembea polepole yenye konokono. Yule mdudu anapita kwenye ngozi, sio lazima unywe. Vaa gambuti ukiingia kuzibua. Tanki linasaidia hapa pia, akishatoka kwenye konokono haishi zaidi ya siku mbili hivi asipompata mtu, kwaiyo maji yaliyotulia saa 48 tankini bila konokono ni salama zaidi kuyashika. Funika tanki na weka wavu kwenye kila tundu, la sivyo unafuga mbu.

Wa Arusha mnaotaka kuiga, pimeni maji kwanza. Dada yangu yuko Maji ya Chai, anamwagilia kwa kisima kirefu, maji yanaonekana kioo kabisa kuliko haya yangu ya matope, lakini upande ule wa Meru unajulikana kwa floraidi na magadi. Alibeba masale kutoka nyumbani huku akapanda kwenye mpaka wa kiwanja, yakashika, ila ncha za majani zikaanza kuwa za kahawia na kukauka, akadhani ni kiu akaongeza maji, zikazidi. Masale ni jamii ya mimea inayoitwa dracaena na jamii hiyo haivumilii floraidi, inajikusanya kwenye ncha za majani inazichoma. Akahamia maji ya mvua kwa masale peke yake, majani mapya yanatoka mazima. Ukoka wake hauna shida hiyo, ila udongo umeanza kuweka ganda jeupe juu na maji yanakawia kuzama, hiyo ni chumvi ya magadi inaziba udongo. Na kuchemsha hakuondoi floraidi, msidanganyane.

Kwa fundi mwenyewe: mikono yake ni mizuri, viungo havivuji hata kimoja, tanki amelikalisha kwenye zege sawasawa, na nikimpigia anakuja. Nampa nne kati ya tano. Nyota moja nimeikata kwa ile koki ya kuunganisha, maana mtu wa kazi hiyo anatakiwa amkataze mteja na sio mteja amkataze yeye. Matanki tano. Chujio la diski nne na nusu. Dripu mbili na nusu kwa maji ya mfereji, kwa maji ya mvua ningeipa nne.

Ukitaka kufungiwa mwambie akuanzie na mifereji ya bati ya kukinga maji ya mvua kabla ya kitu chochote. Bati la mita za mraba 80 mvua ya milimita 30 ikipiga siku moja ya Aprili linaleta kama lita 2,000 hata ukitoa yanayopotea, tanki limejaa siku hiyo hiyo. Achia yale maji ya mwanzo yapite na vumbi na mavi ya ndege, yanayofuata ndo ukinge. Mimi la kwangu la mvua nafunga mwezi huu kabla masika hayajaanza, lita 2,000 nyingine, za saladi na kotimiri tu.